Nyuma ya Mlango wa Bi Mwanaidi

Mkinikuta pale Dunda, hapa Bagamoyo, nanunua samaki, mkaniita Mzee Kijani Kitupu, nitaitika. Wageni hudhani ni mambo ya siasa. Si siasa. Ni jina nililopewa na mke wangu mwenyewe, mbele ya watu, kwenye shughuli ya arusi, na mtu akishapewa jina na mkewe hana pa kukata rufaa.

Injinia wetu ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi pale ofisini. Nilimwambia mimi niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kule kwa jioni tu, mistari miwili mitatu ya mambo ya siku. Akasema, "Andika hivyohivyo, mzee wangu, wakusikie." Basi nisikieni. Na mtakapoona nimejipendelea, jueni nilijitahidi nisijipendelee, nikashindwa.

Kazi yenyewe mnaijua, ila nitaisema kwa asiyeijua. Unapiga picha nyingi za kitu kimoja, tuseme mlango, ukuta au kaburi la zamani. Kompyuta inazitazama, inatafuta panapofanana kati ya picha na picha, inakutolea kipande cha umbo unaloweza kulizungusha kwenye kioo kama unavyozungusha chungu mkononi. Ukishapata vipande kadhaa unabonyeza palipoandikwa Unganisha, nayo inaviunganisha yenyewe. Vipande vinapokubaliana inapaka kijani. Vinapogombana inapaka nyekundu. Huko nyuma tulikuwa tunaviunganisha kwa mkono, unashika nukta hii na nukta ile, siku nzima, mpaka macho yanatoka machozi. Ilipokuja ile ya kuunganisha yenyewe nilifurahi kuliko watu wote ofisini. Nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Nianze na yale ninayoyajua, msije mkadhani sijui lolote. Picha zenu zilaliane kama makuti ya paa, kila moja imelalia zaidi ya nusu ya mwenzake, la sivyo mvua inaingia. Msipige mlango jua likiwa la utosini. Vivuli vinahama na kompyuta inaviamini. Maua ya nakshi yanayojirudia ni mtego. Ua la tatu na ua la nne, kwake ni ua hilohilo, italibandika juu ya mwenzake na mlango utatoka umepungua shubiri nzima. Bandikeni karatasi zenye alama tofauti kabla hamjapiga. Na ile misumari ya shaba, ipakeni kitu kiue mng'ao, maana kinachong'aa kompyuta inakiona tundu.

Mimi mara ya kwanza nilipaka unga wa muhogo. Nyumba ile ilikuwa na kuku. Nimeinamia kamera, najisikia fundi, kumbe kuku wa watu wamekuja kula mlango. Ofisini umbo likatoka zuri, ila kwenye kizingiti pameota kinundu chenye mguu. Injinia, msichana mdogo wakati ule, mimi umri wa baba yake, akaligeuza huku, akaligeuza kule.

"Mzee wangu, hii nakshi ni ya wapi?"

"Ya hapahapa Bagamoyo."

"Ina kucha."

Tangu siku hiyo natumia chaki.

Kabla ya ofisi hii nilikuwa mpiga picha wa studio. Aliyenifundisha ni Bwana Jivan, Mhindi mzaliwa wa hapahapa, duka lake lilikuwa karibu na soko. Alipiga za pasipoti, za arusi, za maulidi, lakini sifa yake kubwa ilikuwa kuunganisha watu. Unampelekea picha ya marehemu baba yako na picha yako ya jana. Anazikata kwa wembe, anazibandika, anachora kivuli kwa brashi nyembamba kama unywele, kisha anazipiga upya. Unarudishiwa wewe na baba yako mmesimama bega kwa bega. Watu walilia mle dukani.

Ila kabla hajashika wembe alikuwa na swali lake moja. "Hawa walikuwa wanasemezana?"

Wateja hawakulipenda. Mmoja alimwambia, "Bwana Jivan, wewe kata. Kwani wewe kadhi?"

"Si kadhi, bwana. Lakini niliwahi kumuunganisha mtu na wifi yake. Alinijia hapa na mwiko."

Nilicheka pamoja na wateja. Nilidhani ni umbea wa mzee. Sikujua kwamba lile swali ni chombo cha kazi kama wembe wenyewe, na alipofunga duka, simu zikiwa zimeshatunyang'anya wateja, nilirithi wembe, swali nikaliacha.

Sasa mlango.

Marehemu Mzee Shomari alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, na alikuwa na wake wawili. Bi Mwanaidi ndiye mkubwa, nyumba yake hapa mjini. Bi Tatu ndiye mdogo, nyumba yake Kerege. Alikuwa mtu wa dini, alitaka haki sawa kati ya wake zake, na alisawazisha kila alichoweza kukipima. Akinunua doti ya kanga huku, na kule doti ileile. Alipomwita fundi wa nakshi amchongee Bi Mwanaidi mlango, alimchongesha na wa Bi Tatu, mbao za gogo moja, maua yaleyale, mpaka idadi ya misumari. Watu wazima wa hapa wanaijua ile milango pacha.

Bi Tatu alijaliwa watoto. Bi Mwanaidi hakujaliwa. Bi Tatu akatangulia mbele ya haki, na miaka baadaye Mzee Shomari naye akaondoka. Bi Mwanaidi akaingia eda peke yake, katika nyumba ambayo sasa ilikuwa ya warithi, na warithi wengi ni watoto wa mwenzake. Maneno yakaanza: akitoka eda atatolewa, nyumba itauzwa. Yalimfikia humohumo ndani, maana wanaokuja kuhani huja na kila kitu.

Mkubwa wa watoto wale, Rajabu, akaja ofisini kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Mlango wa Mama Mkubwa umeliwa na mchwa na chumvi, chini limebaki ganda. Tunataka siku anatoka eda akute mlango mpya, uleule. Sisi maneno hatuyawezi, mzee. Akiuona mlango ataelewa kwamba pale hapatoki mtu."

Kazi ikapangwa hivi. Mimi nipige picha mlango wa zamani, mbele na nyuma. Kompyuta iunganishe umbo zima. Mashine moja iko Dar, inaongozwa na kompyuta, inachonga mbao kufuata umbo unaloipa. Hiyo ndiyo ingechonga, na fundi wetu Hamisi angemalizia kwa patasi.

Mbele ya mlango nilipiga vizuri, hapo sijilaumu. Nilikaa barazani na chaki yangu na karatasi zangu za alama. Lakini nyuma ya mlango ni ndani ya nyumba, na ndani kuna mwanamke yumo edani. Mimi mwanamume wa kando siingii.

Mke wangu, Mama Zuhura, ni mshonaji. Alikuwa anaingia kwa Bi Mwanaidi kila siku na chupa ya uji. Siku hiyo alinikuta barazani nimeshika kiuno.

"Nipe mimi hiyo kamera," akasema. "Nielekeze, niingie nikupigie."

Nikacheka. "Mama Zuhura, hii si simu ya kumtumia shemeji picha ya pilau."

"Haya," akasema. Akaingia na uji wake.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba sikupiga nyuma kwa heshima ya eda. Heshima ilikuwepo, sitaki kujinyima hata hiyo. Lakini eda ilimzuia nani? Ilinizuia mimi, kamera haikuizuia. Yule mama anakata gauni bila karatasi ya vipimo, anamtazama mtu mara moja tu na gauni linakaa. Nikaona hawezi kubonyeza kitufe changu. Nimelitafutia jina zuri jambo hili miaka yote, na sijalipata.

Basi nikajiona mjanja. Si milango pacha? Nikaenda Kerege kwa Rajabu, mlango wa marehemu Bi Tatu uko wazi na mwanamume wa kando haumzuii. Nikaupiga mbele na nyuma. Ukumbini palikuwa na kiza, na nyuma ya mlango ilipakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Upande mmoja niliona mistari mistari chini ya rangi. Nikasema moyoni, mikwaruzo ya komeo. Rajabu alikuwa palepale anaongea na simu. Ningemgusa bega nikamuuliza, angeniambia, tena kwa furaha. Sikumuuliza.

Ofisini nikaipa kompyuta mbele ya mlango wa Bi Mwanaidi, nikaipa na mlango mzima wa Bi Tatu, nikabonyeza Unganisha. Msifikiri iligoma. Ililinganisha maua kwa maua, misumari kwa misumari, ikavaa nyuma ya huyu mgongoni mwa yule, na ikapaka rangi. Sikuona nukta nyekundu hata moja. Nilisimama nikaita ofisi nzima.

"Njooni muone! Kijani kitupu!"

Wakanipigia makofi. Injinia akaja.

"Na nyuma umepiga, mzee wangu?"

"Nimepiga."

Si nilikuwa nimepiga? Sikusema nyuma ya mlango wa nani. Akalizungusha lile umbo.

"Hii mistari?"

"Mikwaruzo ya komeo."

Ofisi yetu ina sharti, nanyi mtafundishwa: alama za matumizi hazisawazishwi, kitu kibaki kama kilivyoishi. Ni sharti jema. Injinia akaiacha mistari kwa sababu hiyo, na kwa sababu aliniamini. Kama kuniamini ni kosa, basi hilo ndilo kosa lake pekee.

Siku ya kutoka eda ikafika. Asubuhi, wanawake wakiwa naye chumba cha uani wanamwandaa, Hamisi na wenzake wakautoa mlango wa zamani na kuusimamisha mpya. Ule wa zamani ulikuwa haushikiki tena. Wapishi waliuchanja wakatia motoni chini ya masufuria. Mimi nimesimama nje na wanaume, nimevaa kanzu yangu nzuri. Niseme kweli, nilikuwa nangoja sifa.

Tuliambiwa Bi Mwanaidi ataufunga kwanza yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Tukauona mlango unafunga. Tukasikia komeo. Likakawia kufunguka. Wanaume wakaanza kuulizana kwa macho. Komeo likafunguka, akatoka, akatushukuru mmoja mmoja kwa jina, akarudi ndani. Macho yalikuwa yamemwiva. Nikamnong'oneza Rajabu, "Machozi ya furaha hayo." Pilau likaja. Nikala, nikaongeza.

Kesho yake Mama Zuhura alirudi na chupa ya uji haijafunguliwa.

"Anafunga mizigo," akasema. "Anakwenda Pangani kwa kaka yake."

"Kwa nini, na mlango ule?"

"Hata mimi jana sikuuangalia, nilikuwa na masufuria. Nenda kausome."

Nikaenda. Nikapiga hodi, nikaingia, nikausukuma ubao wa mlango nikautazama kwa ndani. Haikuwa mikwaruzo. Ilikuwa mistari ya kimo cha watoto, mmoja juu ya mwingine kama ngazi, na kando ya kila mstari herufi. R. S. R tena, juu zaidi. Mzee Shomari kila Sikukuu ya Idi alikuwa anawasimamisha watoto wa Kerege nyuma ya mlango wao, anakata kwa kisu juu ya vichwa vyao. Kule miaka na rangi vilikuwa vimeifunika. Mashine ya Dar haijui rangi, inajua mashimo. Iliichonga yote upya kwenye mbao mpya, safi, mpaka ile R yenye mguu mrefu ambayo mke yeyote angejua kuwa ni ya mkono wa mumewe.

Bi Mwanaidi alikuwa ameketi mkekani, sanduku liko wazi. Mama Zuhura, aliyenitangulia kuingia, kakaa kando yake.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Umekuja kunisindikiza?"

"Nimekuja kusema. Ile mistari nimeiweka mimi."

"Wewe wavijua vimo vya watoto wa Tatu?"

"Sivijui. Kompyuta ndiyo—" Nilisikia nilivyokuwa naisukumia lawama mashine. "Nilipiga picha nyuma ya mlango wa Kerege, nikaunganisha na mbele ya huu wako. Rajabu hajui. Watoto hawajui."

"Kijana wangu, usiwafunike. Nimeolewa siku nyingi, naona. Hawaji kukwambia toka, wanakuandikia mlangoni. Nimesoma, nimeelewa, naondoka kwa heshima yangu."

Pale sandukuni juu ilikuwepo kanga. Nikaishika, nikajaribu kueleza kwa lugha ya nyumbani kwangu.

"Tazama, Bi Mwanaidi. Marehemu alikuwa akinunua doti mbili za mchoro mmoja, yako na ya Bi Tatu. Sasa mtu akichukua kipande cha hii na kipande cha ile, akaviunga, pindo kwa pindo, ua kwa ua. Nani atajua?"

Akanitazama.

"Aliyeivaa," akasema.

Mama Zuhura akainamisha kichwa. Vijana wangu, nimesikilizishwa maneno mengi katika kazi hii, mengine makali, lakini hilo moja ndilo linaloniamsha. Lilisemwa taratibu tu. Nilirudisha kanga sandukuni, nikaikunja vibaya, akanipokonya akaikunja mwenyewe.

Rajabu nilimpigia simu palepale barazani. Alikuja na bodaboda, vumbi mpaka kope. Aliposukuma mlango na kuiona mistari, uso wake ulifunguka kama mtoto, akapeleka kidole kwenye ile R ya chini kabisa. Kisha akamwona Mama Mkubwa wake na sanduku lake, na kile kidole akakiondoa kama kimeungua.

"Mama Mkubwa. Wallahi hatukujua."

"Haya."

"Kuhusu hii nyumba tumeshakaa kikao sote, na kadhi alikuwepo. Pa kukaa ni hapa, maisha yako yote. Tulikosa mdomo wa kuja kukwambia, tukasema mlango utasema."

"Kweli mlango umesema. Umesema sana."

Rajabu akapiga magoti pale mkekani, mtu mzima na ndevu zake. "Basi nasema kwa mdomo. Usiende."

Nje muuza kahawa akapita anagonga vikombe vyake. Bi Mwanaidi akamgeukia mke wangu.

"Mama Zuhura, hebu nitolee hizo nguo sandukuni. Zitaingia mikunjo."

Na kwa Rajabu: "Nanyi mna mlango wenu. Mkitaka kupimana vimo kapimaneni kwenu Kerege. Hapa pasawazishwe."

Nilikwenda kwa Hamisi kuomba randa niisawazishe mimi, kwa mkono wangu. Hamisi akaiweka randa nyuma ya mgongo wake. "Mzee, wewe umeshafanya ya kutosha." Akaja mwenyewe. Nilishika ubao tu. Takataka za mbao ziliviringika zikaanguka, na Rajabu akaokota kipande kimoja chenye nusu ya herufi akatia mfukoni. Sikumtazama.

Mpaka leo pale pana bonde kidogo, ukipitisha mkono utalisikia. Kila nikienda kusalimia nakalishwa kiti kinacholitazama. Sidhani kama ni makusudi. Labda ni makusudi.

Hamisi alipomaliza, Bi Mwanaidi aliniuliza, "Na wangu? Nyuma wangu ulikuwa na nini?"

"Sijui, Bi Mwanaidi."

"Hukuuona hata siku moja."

"Sikuuona."

"Ulikuwa na msumari. Msumari mmoja tu, wa kofia yake. Akiingia anavua, anatundika. Ndivyo nilivyokuwa najua kwamba leo zamu ni yangu."

Ningempa Mama Zuhura kamera, ule msumari ungekuwemo. Yeye angeuona; huona kila kifungo. Na mlango wenyewe tulikuwa tumeupikia pilau, na mimi niliongeza.

Nikaomba nyundo, na safari hii Hamisi akanipa. Nikachagua mahali, nikauweka msumari pale mkono wa mwanamume unapofika bila taabu.

"Hapa?"

"Shusha."

Nikashusha. "Hapa?"

"Shusha, bwana. Hakuwa mrefu kama mnavyomsimulia." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba, alivyosema Mama Zuhura. Kisha akasimama yeye mwenyewe, akafumba macho, akanyoosha mkono kama mtu anayepokea kitu, kidole kikagusa ubao. "Hapo."

Nikagongomea hapo.

Sasa nimestaafu. Nasikia programu za siku hizi hazihitaji hata kupiga upande wa pili, zinaubuni zenyewe. Siwezi kusema ni vibaya, sijazitumia. Ninachowaomba ni swali la Bwana Jivan tu, mliulize kabla ya kubonyeza, na kama mlango uko ndani ya nyumba ya watu, mpeni kamera anayeweza kuingia.

Lile umbo liko bado kwenye kompyuta ya ofisi. Niliomba lifutwe, Injinia akasema hatufuti kazi. Mkilifungua mtaliona zima, limeungana, halina hata ufa, kijani kitupu. Lizungusheni mtazame nyuma. Watoto wa Kerege wote wamo, kwa herufi zao. Msumari haumo.